Gumzo la Ukoo wa Chumbageni

Dada Mwanaisha, saa 2:10 usiku: Assalaam alaykum, jamaa. Tangu asubuhi picha za vita vya Ukraine zinamiminika humu, wala hakuna hata moja iliyoletwa na tarehe. Napendekeza kila aletaye habari aeleze imesemwa na nani, lini, na upande wa pili umejibu nini. Tafadhali kila mmoja aandike "nimekubali".

Dada Mwanaisha, saa 2:55: Naona mmesoma, na mmenyamaza.

Salimu: Mimi nimeleta moja tu, ile ya Moskva, meli ya kivita ya Urusi.

Dada Mwanaisha: Nawe umeiandikia "usiku huu", Salimu, ilhali meli hiyo ilizama Aprili 2022. Hata wakati ule Ukraine ilisema imeipiga kwa makombora mawili ya Neptune, na Urusi ikasema kwamba moto ulizuka ndani, risasi zikalipuka, kisha ikazama kwenye dhoruba ilipokuwa ikivutwa kurudishwa bandarini. Hawakuafikiana ila kwamba meli haipo.

Hatibu: Nahodha wetu wa safari ya Pemba naye alisema ni upepo. Abiria tulimwona amelala.

Dada Mwanaisha: Hatibu, naomba tusitoke kwenye mada.

Shangazi Zaina: Chekeni tu. Mwanangu alikuwa masomoni huko vita vilipoanza Februari 2022, na Salimu akatuletea humu video ya ndege ikitunguliwa usiku, nami sikumeza hata maji siku mbili, kumbe ni mchezo wa kompyuta. Hadi leo sijaombwa radhi.

Salimu, saa 3:40: Shangazi, nami nilitumiwa.

Dada Mwanaisha: Ndiyo maana nasema uongo hauna upande mmoja. Yule rubani wa Ukraine waliyemwita Mzimu wa Kyiv, aliyesemekana kutungua ndege nyingi za Urusi, tulimshangilia humu wiki nzima, na mwisho wa Aprili jeshi la anga la Ukraine lenyewe likakiri kwamba ni hekaya. Askari wa Ukraine waliokilinda Kisiwa cha Nyoka, kule Bahari Nyeusi, nao walitangazwa mashujaa waliokufa, kisha wakaonekana wako hai, mikononi mwa Warusi.

Babu: Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga askari kutoka India, wakashindwa, na nyuki wakawatoka mizingani. Baadhi yao wakadai kuwa Wajerumani ndio waliowatega nyuki wale. Baba yangu alihadithiwa na wazee wa Raskazone kwamba nyuki waliuma kila aliyepita. Salimu, kesho baada ya Alasiri nenda kwa shangazi yako kwa miguu yako, si kwa simu.

Salimu: Shikamoo, Babu. Nimesikia.

Shangazi Zaina: Nitakuwepo.

Dada Mwanaisha, saa 4:30: Ahsante, Babu. Sasa lile pendekezo langu? Hadi sasa hakuna aliyeandika.

Binamu Rehema, saa 12:05 asubuhi: Samahani, nililala mapema. Nimekubali, ingawa sijasoma yote.

Hatibu: Nami nimekubali. Ila hii niliyoletewa sasa hivi haina tarehe wala mwenyewe, na inatisha kweli. Niilete, au niwatumie faraghani?