Televisheni na intaneti kwenye bili moja: nisaini au niache? (Tanga mjini)

MamaKeki_Chumbageni

Habarini za jioni wadau. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nimebakiwa na siku nne.

Niko Chumbageni. Jumamosi walipita vijana wawili mtaani kwetu wanaandikisha watu kifurushi cha pamoja: intaneti ya faiba mpaka sebuleni, na televisheni humo humo, bili moja kwa mwezi. Elfu 90, mkataba wa mwaka mzima. Kufungiwa ni bure ukisaini kabla ya Ijumaa. Ukitaka intaneti peke yake ni elfu 70. Jina la kampuni silitaji, sijajiunga nao na hawajanikosea kitu.

Nyumba yangu iko hivi. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, siku nne tano yuko nyumbani, na akiwepo anachotaka ni mechi, hasa Coastal Union wakicheza. Binti yangu yuko kidato cha sita, anasoma kemia kwa video usiku sisi tukishalala. Mie napika keki, oda zote zinakuja kwa WhatsApp, na picha nisipopandisha asubuhi siku hiyo napoteza wateja.

Halafu yuko mama mkwe. Alipata kiharusi mwaka juzi na upande wa kulia haujarudi sawasawa. Hatoki nje. Televisheni tumeiweka mbele ya kitanda chake, inaanza na taarifa ya habari asubuhi, inamalizia na tamthilia ya Kituruki usiku. Ananisimulia ya jana nikimlisha uji, na daktari alisema tumzungumzishe sana, kwa hiyo kwangu ile tamthilia ni sehemu ya dawa. Siku king'amuzi kikikata anageukia ukutani na haongei na mtu.

Mwezi uliopita niliandika kila senti kwenye daftari la oda. King'amuzi elfu 28. Bando langu 1,000 kila siku, elfu 30. Binti vivyo hivyo, elfu 30. Mume wangu 5,000 kwa wiki, elfu 20. Jumla 108,000. Kwa hesabu hiyo kifurushi cha elfu 90 kinaniokolea elfu 18 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 216,000, pesa ya oveni ya pili kabisa.

Ila moyo unasita na sijui kwa nini. Aliyewahi kuunganisha aniambie alichokikuta.

FundiDishi_Ngamiani

Dada, pole kwa mgonjwa, Mwenyezi Mungu amjalie nafuu.

Kabla ya bei waulize hao vijana swali moja: televisheni yao inashuka kwa dishi au inapita kwenye waya huo huo wa intaneti? Kama inapita kwenye waya, basi una mlango mmoja wa vitu viwili. Mtu akichimba mtaro wa maji akaukata, bibi hana tamthilia na wewe huna WhatsApp, saa ile ile.

Nakukumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima kwa siku kadhaa. Simu yangu ilijaa watu wanaouliza kama nina king'amuzi cha kuazima. Wenye madishi waliendelea kama kawaida, kwa sababu dishi linachukua mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, halina habari na waya wa baharini.

Dishi nalo lina ugonjwa wake, sikufichi. Mvua kubwa ya masika ikishuka picha inaganda, lakini mvua ikipungua inarudi yenyewe. Na huku kwetu upepo wa bahari una chumvi. Nyumba za Raskazone na Sahare nabadilisha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, na kutoa boliti zilizoliwa na kutu mara nyingi kuliko za Pongwe. Huo ni ubovu wa kurekebishwa kwa siku moja na fundi wa mtaani. Waya wa kampuni hauruhusiwi kuugusa, unasubiri fundi wao.

Binti_wa_Sahare

Mimi nilisaini kifurushi kama hicho nilipokuwa nafanya kazi Dar. Jina la kampuni silitaji.

Miezi sita ya kwanza nilifurahi. Mwezi wa saba bei ikapanda, nikapiga simu, wakaniambia niliyokuwa nalipa ni bei ya ofa na imeandikwa kwenye mkataba. Kweli imeandikwa, ukurasa wa pili, maandishi madogo. Nikasema basi ondoeni televisheni mniachie intaneti. Haiwezekani mpaka mwaka uishe, labda nilipe miezi iliyobaki. Nilipohamia Tanga waliendelea kunidai, na ilinichukua miezi miwili ya barua pepe mpaka wakafunga akaunti.

Kwa hiyo dada yangu, omba mkataba ukae nao nyumbani usiku mmoja. Usisainie kwenye kibao cha kijana barazani. Tafuta mambo haya: bei baada ya ofa, kama elfu 90 imo na VAT ile ya asilimia 18 au inaongezwa juu, ukihama nyumba inakuwaje, na ukitaka kutoa kitu kimoja ukabaki na kingine. La mwisho ndilo lililoniumiza.

Abuu_Mikanjuni

Naweka na upande wa pili, msimtishe bure. Mimi nimeunganisha na niko radhi. Lakini kwangu hakuna anayefuata Ligi Kuu, watoto wanaangalia katuni za YouTube, mke wangu mapishi. Mshahara wangu unaingia tarehe ile ile kila mwezi, bili inatoka, nimesahau.

Dada, uzito wa video usiudharau. Netflix wenyewe wanaandika kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kula GB 3, na ya ubora wa kawaida GB 1 hivi. Binti akisoma kwa video saa mbili kila usiku, hata kwa ubora wa kawaida, ni GB 60 kwa mwezi. Bando la 1,000 kwa siku haliwezi kumfikisha huko, ina maana sasa hivi anajibana, anakatisha somo katikati. Hilo hukuliandika kwenye daftari.

Na wakikwambia "kasi hadi Mbps 20", lile neno "hadi" ndilo la kuuliza. Jirani mwenye huduma yao ndiye wa kumsikiliza, tena mwulize saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani, si asubuhi.

FundiDishi_Ngamiani

Abuu umesema kweli. Nimerudi kwa jambo la mpira. Ligi Kuu inaonyeshwa na Azam, wana mkataba wa miaka 10 na TFF uliosainiwa 2021. Kama televisheni ya hao vijana haina chaneli hizo, shemeji akirudi safari mtarudi kulipia king'amuzi cha zamani juu ya kifurushi. Niliowafungia nimewaona wengi wanalipa mara mbili namna hiyo, wanaona aibu kusema.

Mzee_wa_Usagara

Binti yangu, nimekusoma mara mbili. Hesabu yako ina kasoro moja. Elfu 20 za mumeo umeziweka kama zitaondoka. Yuko barabarani, Wi-Fi ya Chumbageni itamfuata Kahama? Bando lake linabaki. Sasa jumlisha tena: 90 na 20 ni 110. Leo unalipa 108. Ile oveni haipo.

Neno jingine. Pesa ya keki haiji kwa mwezi, inakuja kwa siku. Harusi zikiwa nyingi unazo, mwezi wa Ramadhani sherehe zinasimama huna. Leo hii ukikwama unanunua bando la 500 siku inakwenda, na king'amuzi unakilipia peke yake mgonjwa asikose. Ukishaunganisha, mwezi uliokosa elfu 90 umekosa vyote viwili. Mimi nilikuwa karani wa bandari miaka 31, mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na tarehe yake. Wewe huna tarehe, jilinde kwa njia nyingine.

MamaKeki_Chumbageni

Shikamoo Mzee. Nilisoma jibu lako nikiwa nachanganya unga, nikaacha nikaenda kukaa. Ndicho hicho kilichokuwa kinanisitisha na sikuwa na maneno yake. Januari ya mwaka huu nililipa ada ya binti, nikabakiwa na elfu 40. King'amuzi nilikilipia siku hiyo hiyo, bando tukaishi kwa 500 wiki tatu. Nyumba ilitulia kwa sababu chumba cha mama kilikuwa kinaongea. Kwenye kifurushi cha pamoja ile elfu 40 isingefungua kitu chochote.

Nimewapigia wale vijana leo. Nawashukuru, wamejibu kwa adabu. Televisheni yao inapita kwenye waya huo huo. Chaneli za Ligi Kuu hazimo. Za Kituruki zipo, lakini si ile anayoifuata mama. Elfu 90 ni ya miezi sita, baadaye 105,000. Dada wa Sahare, hilo nisingeliuliza bila wewe.

Nikauliza intaneti peke yake. Elfu 70, VAT imo, haina mkataba wa mwaka, unalipa mwezi kwa mwezi na usipolipa inasimama tu bila deni. Kufungiwa nitalipa elfu 50, ofa ya bure ni ya wanaochukua vyote viwili.

Basi nimeandika upya: intaneti 70, king'amuzi 28, bando la mume wangu 20, na langu la kupelekea oda nikiwa nje nimeweka 5. Jumla 123,000. Ni elfu 15 zaidi ya ninazolipa sasa, sijaokoa chochote. Nimemwita binti nikamwuliza kama ni kweli anakatisha masomo. Akasema huwa anapakua nusu ya video kwa siku, nusu anamalizia kesho yake, na kuna mada amezisoma kwa sauti tu bila picha. Mtihani wake ni Mei. Alikuwa hajaniambia kwa sababu aliona daftari langu.

Nachukua intaneti peke yake mpaka amalize mtihani, king'amuzi cha mama hakiguswi. Akishamaliza, nikiona mzigo ni mzito nitasimamisha intaneti na hakuna atakayenidai.

Jirani mwenye faiba yao nimemfuata saa mbili usiku kama Abuu alivyosema. Kwake video ilikwenda bila kukwama, ila chumba cha nyuma Wi-Fi haifiki, kuta za mawe kama zangu.

FundiDishi_Ngamiani

Ruta waambie waiweke ukumbini katikati ya nyumba, juu, si dirishani barabarani wanapopendelea kwa sababu waya unakuwa mfupi. Kuta za matumbawe zinameza mawimbi. Na nunua betri ndogo ya ruta, umeme ukikatika binti aendelee kusoma kwa simu.

Dishi lako lina miaka mingapi? Masika yanakuja. Alhamisi nina kazi Chumbageni, naweza kupita kukaza boliti na kuangalia LNB, hiyo sikutozi, nitanawa na kumjulia hali mgonjwa.

MamaKeki_Chumbageni

Lina miaka sita, halijaguswa. Karibu sana kaka yangu. Ila uje kabla ya saa kumi, saa kumi ndiyo marudio ya tamthilia ya jana na jana umeme ulikatika, hakuona mwisho.