Ngozi ya Idd: shabu au magome ya mkandaa?

Mtu wa Sahare: Wakuu, za jioni. Tumechinja jana, na safari hii sitaki ngozi iishie jalalani. Ngamiani hapa Tanga nimeona shabu inauzwa, yale mawe meupe ya dawa ya ngozi, na jirani yangu mvuvi anasema ataniletea magome ya mkandaa, aina ya mkoko. Kipi bora kwa kuitengeneza? Nataka kuanza kesho.

Kombo: Ng'ombe au mbuzi? Manyoya unabakisha? Na tangu jana umeitia chumvi, au imelala hivihivi na joto hili?

Mtu wa Sahare: Mbuzi. Chumvi nimetia kidogo.

Fundi Ngoma: Kidogo ndiyo nini? Kwangua mafuta na nyama yote, kisha paka chumvi hadi upande wa nyama usionekane. Ila kama ni ya kuwamba ngoma, ioshe hiyo chumvi, ivute kwenye fremu, ikauke kivulini. Shabu wala magome huhitaji. Ngozi laini hailii.

Mama Nuru: Mswala je? Bakisha manyoya, tumia shabu: nusu kilo kwa lita nne za maji, na chumvi robo kilo, kwenye ndoo ya plastiki. Wakati inakauka ifikiche bila kuchoka, itatoka nyeupe na laini. Usiiloweshe tu, maana shabu hutoka na maji.

Mzee wa Tongoni: Ndiyo maana mie shabu siitaki. Tanini, ile dawa iliyo ndani ya magome, ikishaingia imeingia. Unapata ngozi nyekundu ya mkanda, ya kiatu, ya ala ya kisu. Anza na maji mepesi, uongeze ukali polepole. Ukianza na makali, nje inaiva na ndani inabaki mbichi. Ni kazi ya wiki kadhaa lakini.

Kombo: Mzee, mikoko ni hifadhi. Huyo mvuvi ana kibali? Aagize magome ya miti ya miwati Lushoto.

Mzee wa Tongoni: Nyavu na matanga ya babu zetu yalitiwa rangi kwa magome hayohayo.

Kombo: Na babu zetu hawakuwa wengi hivi.

Shemeji Muheza: Mnabishania dawa, ngozi yenyewe hamjaijua. Idd iliyopita mchinjaji alinichunia mbuzi asubuhi, akazikunja ngozi zikiwa na joto, akazisokomeza kwenye mfuko wa plastiki na kuzisahau juani. Zimenifikia magharibi. Nikakwangua, nikajaza chumvi, shabu nikanunua ya kutosha. Siku ya kuzitoa kwenye ndoo, manyoya yakabaki mkononi, mabaka mabaka, na harufu ikamtoa mke wangu nyumbani akalala kwa mama yake. Zaidi ya hayo, zilikuwa na matobo ya kisu kila mahali, na mchinjaji bado alitaka nyongeza!

Ustadhi wa Makorora: Natumaini hukumlipa kwa ngozi. Ngozi ya udhiya, mnyama wa kuchinjwa Idd, haiuzwi wala halipwi nayo mchinjaji.

Mama Nuru: Ustadhi, wapo wanaoruhusu kuuza ukiitolea sadaka pesa yake.

Ustadhi wa Makorora: Wapo, sikatai. Sisi huku tunafuata madhehebu ya Shafi.

Mtu wa Sahare: Nimevuta manyoya ya tumboni, yanatoka kidogo. Bado mswala unawezekana?

Fundi Ngoma: Lete kwangu nikuwambie ngoma.

Mama Nuru: Ya shingoni na mgongoni je, yameshika?