Mzula na skafu za akriliki ya bei nafuu: mvuke, maji au pasi?

FumaNjombe
Habari za kazi, wadau. Naomba tulinganishe njia za kumalizia vitu vya akriliki, huu uzi wa bei ya chini unaouzwa kwa bonge la gramu 100. Kuna oda ya mizula ya watu wazima yenye lastiki ukingoni (mishono 2 ya mbele, 2 ya nyuma), na skafu za sentimita 20 kwa 150 zenye matundu ya urembo. Sindano za milimita 4 zinanipa mishono 22 na mistari 28 katika sentimita 10. Wapo wanaopiga pasi, wapo wa mvuke, wapo wanaolowesha na kuanika. Ipi inafaa wapi? Na ncha za uzi mnazifichaje zisichomoke?

SindanoNne
Kwanza hakikisha ni akriliki kweli, maana mabonge mengi ya sokoni hayana lebo. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibanio cha chuma, kichome nje ya nyumba. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mkali na kuacha punje nyeusi ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni.

Aina ya uzi inabadilisha kila kitu. Sufu hunywa maji na kukauka na umbo ulilolitandaza. Akriliki karibu hainywi kitu, kwa hiyo ukiilowesha inanyooka tu mpaka itakapofuliwa tena. Kinachoibadilisha moja kwa moja ni joto.

Skafu yako, mvuke. Mzula, maji. Pasi ya kugusa uzi, hapana kwa vyote viwili.

Boshori_Limuru
Naunga mkono. Niongeze tu kwa nini boshori (ndiyo mzula, kwetu) isikaribie mvuke. Joto hulegeza nyuzi za akriliki, na zikipoa zinaganda jinsi zilivyokutwa. Lastiki inabana kwa sababu safu za wima za mishono ya nyuma zimejificha kati ya zile za mbele: ukiivuta inafunguka, ukiiachia inarudi. Mvuke ukiikuta imevutwa, inabaki wazi hivyohivyo. Mteja atavaa, itamteremka machoni, na hakuna dawa, hata ukiifua mara kumi.

Boshori iloweshe dakika 15 kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, iviringe ndani ya taulo na uikandamize bila kukamua. Ianike bapa kivulini. Usiitundike ikiwa na maji, uzito utairefusha.

UziNaNdoano
Mvuke nao una masharti, dada Njombe. Tandaza skafu juu ya blanketi lililokunjwa, ibane kwa pini zisizoshika kutu kila sentimita 5, ukifuata rula ili kingo ziwe sambamba. Weka pasi ya mvuke juu yake, sentimita 3 hadi 5 hewani, ipitishe polepole bila kugusa. Kisha usiguse chochote mpaka ipoe kabisa. Ukitoa pini ikiwa ya moto, inajikunja tena, na umefanya kazi bure.

Anza na kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10. Dalili ya kuzidisha ni mng'ao: uzi unakuwa laini kupita kiasi, unalegea na kuning'inia kama kitambaa cha hariri. Kwa skafu ya matundu ulegevu kidogo ni mzuri, hata unapendeza. Kwa kitu kinachotakiwa kujaa na kutunza joto ni hasara.

Na usitegemee mvuke ukunyooshee kingo zinazojikunja. Tatizo hilo litatue kwenye ufumaji: mishono 4 ya kila upande ifume ya mbele katika kila mstari, pande zote mbili za kazi, pamoja na mistari 6 ya mwanzo na 6 ya mwisho.

SindanoNne
Kuhusu ncha: fundo lisikae kwenye mzula, litakwaruza paji la uso na mara nyingi linajitokeza upande wa nje. Kuchoma ncha kwa kiberiti kama kamba ya nailoni pia acha, ile punje ngumu inachoma ngozi.

Acha mkia wa sentimita 15. Kwa sindano butu yenye tundu kubwa, upitishe nyuma ya mishono kwa sentimita 4 au 5, kisha geuka na urudi sentimita 2 ukitoboa katikati ya uzi wenyewe. Akriliki inateleza, na huko kurudi ndiko kunakoushika. Vuta kazi kila upande kwanza, halafu ndipo ukate.

FumaNjombe
Asanteni sana. Mzula wenyewe naanza na mishono mingapi? Kichwa ni sentimita 56.

Boshori_Limuru
Boshori iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 5 hivi ili ishike. Anza na 112: inagawanyika kwa 4 ya lastiki na kwa 8 ya kupunguza. Mishono ya kuanzia ipandishe juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, ukingo usibane.

Lastiki sentimita 6, kisha fuma mishono ya mbele mpaka jumla iwe sentimita 15. Hapo anza kupunguza: mishono 12 kawaida, 2 pamoja, rudia mara 8. Mzunguko unaofuata usipunguze. Halafu 11 na 2 pamoja, na kuendelea hivyo, ukipunguza kila mzunguko wa pili. Ikibaki mishono 56, punguza kila mzunguko mpaka ibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya hiyo 8 mara mbili, vuta. Urefu utafika kama sentimita 22. Ukitaka ukingo wa kukunja, ongeza sentimita 5 kabla ya kupunguza.

UziNaNdoano
Kama wanataka na pompomu juu, ifunge kwa uzi imara wa kushonea viatu, akriliki yenyewe inanyooka ukiikaza na manyoya yanachomoka. Ncha mbili za uzi huo zipitishe ndani ya mzula na uzifunge kwenye kifungo cha shati. Siku ya kufua anaifungua.