Safari za serikali zikatwe, lakini zianze kukatwa zipi?

KaraniMstaafu (Tudor)

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Nina swali kwa walioko kazini katika ofisi za umma. Kila serikali inapotangaza kubana matumizi, safari hutajwa. Oktoba 2023 Rais Ruto alisema bajeti ya safari ipunguzwe kwa asilimia 50. Tarehe 5 Julai 2024, siku chache baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, akasimamisha safari zote zisizo za lazima. Naunga mkono kwa moyo wote, maana hela hizi ni za mama anayekatwa kodi kwenye kila pakiti ya sukari. Lakini huku chini, nani huamua safari ipi ni ya lazima?

Nilikuwa mhasibu katika ofisi moja ya umma hapa Pwani hadi nikastaafu, na meza yangu ilikuwa ya masurufu, yaani pesa anazopewa mtumishi kabla ya safari kisha azitolee hesabu. Faili la warsha lilikuja limekamilika: mwaliko, idhini ya mkubwa, orodha ya mahudhurio yenye sahihi za asubuhi na za jioni, risiti zimebandikwa kwa mpangilio. Watu wanaokaa Mombasa walivuka Likoni wakalale Diani siku kadhaa, kujadili ripoti iliyoandikwa katika jengo letu wenyewe. Afisa wa nyanjani yeye alileta karatasi moja tu, kuomba mafuta ya gari aende Lunga Lunga na kurudi. Agizo la kupunguza lilipofika, ile karatasi moja ndiyo iliyorudishwa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu "asubiri robo ijayo". Ya Diani ikaendelea.

Wanaojua vifungu vya bajeti watanielewa. Safari za ndani ni 2210300, za nje 2210400. Ukizikata hizo, warsha ileile huamkia kwenye 2210700 ya mafunzo, na ukumbi na chakula chake kwenye 2210800 ya ukarimu. Kwenye hesabu, safari zimepungua. Pesa imetoka vilevile.

Je, kuna ofisi mnayoijua iliyofaulu kukata warsha na kubakiza mafuta ya nyanjani? Agizo lao liliandikwa vipi?

MpishiShanzu

Shikamoo mzee. Mimi napika katika hoteli moja huku Shanzu. Kusi likianza kuvuma na masika ikashika, wazungu hupotea, na wageni wa semina ndio wanaotuweka kazini. Mkisema semina zikatwe zote, mwezi wa tano vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Sitetei ubadhirifu. Naomba tu mtukumbuke na sisi mnapopiga hesabu hizo, tuna watoto shuleni.

NesiWaNyanjani

Mzee, hilo la kalamu nyekundu limenigusa, maana mimi ndiye yule wa karatasi moja. Kazi yangu ni kuzungukia zahanati kukagua chanjo. Friji ya chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na mhudumu asome kipimajoto mara mbili kwa siku na kujaza chati ukutani. Nikifika naangalia chati, kisha nafungua friji nisome mwenyewe. Kuna mahali nilikuta chati ya mwezi mzima imeandikwa 4, 4, 4, asubuhi na jioni, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, na kipimajoto chenyewe kimekufa. Hilo huwezi kuliona kwa simu wala kwa mkutano wa mtandaoni.

Sasa gari halina mafuta, naenda kwa matatu na boda kwa nauli yangu. Zahanati za mbali siwezi kuzifikia hivyo. Mtu akinihesabu pamoja na wale wa Diani eti sote ni "safari", naumia kweli.

MtangaKongowea

Wazee, mimi ni Mtanzania ninayefanya biashara Kongowea, niwape ya kwetu. Magufuli alipoingia Novemba 2015 alizuia safari za nje mpaka upate kibali cha Ikulu, na semina akaagiza zifanyiwe kwenye kumbi za serikali badala ya mahoteli. Ujumbe wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kule Malta ukapunguzwa kutoka watu 50 hadi 4. Watu waliona kwa macho yao kwamba wakubwa ndio wameanza kubanwa, na nadhani hilo lilisaidia kuliko waraka wowote. Ila si kila jambo lingoje kibali cha Ikulu. Safari ya nesi kama huyu dada isitoke nje ya wilaya yake kuombewa ruhusa.

KaraniMstaafu (Tudor)

Ahsanteni. Dada nesi, Mungu akulipe. Hiyo chati ya 4, 4, 4 inatosha kumjibu yeyote atakayesema safari zote ni sawa.

Mwanangu wa Shanzu, marahaba. Nimekusikia, na sichukulii kazi yako kuwa jambo dogo. Lakini kodi haiwezi kuwa ndiyo msimu wa pili wa utalii. Kuna KSG, chuo cha serikali cha kufunzia watumishi wa umma, hapa Mombasa na nyingine Matuga, zina kumbi na vyumba, ni mali ya umma tayari. Chakula cha mikutano hiyo kinaweza kutangaziwa zabuni, na wapishi wa Pwani mkajiunga mkaiomba. Hapo pesa inakufikia wewe, haiishii kwenye vitanda.

Nilivyowaelewa, agizo lingeandikwa hivi: kikomo kimoja kwa jumla ya 2210300, 2210400, 2210700 na 2210800, ili kinachobanwa huku kisifurike kule, na 2211200 ya mafuta ya magari ya nyanjani iachwe kando isiguswe. Na anayedaiwa masurufu asipewe mengine, awe mkubwa awe mdogo. Hili si jipya: Kanuni za Fedha za Umma za 2015 zinampa mtu siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni alete hesabu, la sivyo akatwe mshahara pamoja na riba. Nimewaona wadogo wakikatwa. Mkubwa sikuwahi kuona.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo naandika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Nitaomba matumizi ya vifungu hivyo vitano kwa kila idara, robo kwa robo. Anayejua idara ipi imekosa mafuta mwaka huu aniandikie hapa, niitaje kwa jina kwenye barua.