Treni za mjini Dar: kila siku mabehewa, mabehewa! Njia je?

Wakuu, nimechoshwa na ramani za rangi rangi za treni za kwenda Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 Dar, treni za mjini zilianza Oktoba 2012, na bado mjadala unaanza na kuishia kwenye idadi ya mabehewa. Kinachobana ni njia!

Pigeni hesabu. Kipande cha njia moja, ambapo za kwenda na za kurudi zinapokezana reli hiyohiyo, treni inatumia dakika 12 kutoka sehemu ya kupishania hadi nyingine, pamoja na dakika 3 za kusubiriana. Ya kwenda ikipita na ya kurudi ikapita, nusu saa imekwisha. Hizo ni treni mbili kwa saa kila upande, hata mkileta treni mpya 20. Wekeni sehemu ya kupishania katikati, dakika 12 zinakuwa 6, mnapata treni tatu. Na sehemu hiyo iwe ndefu: mabehewa 10 ya mita 20 ni mita 200 kabla ya kuhesabu kichwa (injini), kwa hiyo chini ya mita 300 msijenge.

Mwisho wa safari ndiko muda unakoteketea. Kichwa kifunguliwe, kizunguke njia ya pembeni, kifungwe upande wa pili, mipira ya breki iunganishwe, upepo ujae, breki zijaribiwe. Robo saa imekwenda, na jukwaa limezibwa muda wote huo. Treni yenye chumba cha dereva kila upande, dereva anahama tu.

Milango nayo! Behewa la safari ndefu lina milango miembamba kwenye ncha, tena yenye ngazi. Mama mwenye ndoo ya samaki atashuka saa ngapi?

Halafu anatokea mtu anasema "unganisheni TAZARA na reli ya kati". Kwa reli gani? TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, reli ya kati 1,000, SGR (reli mpya ya kisasa) 1,435. Tofauti ya 67 kati ya TAZARA na reli ya kati ni ndogo kuliko upana wa kitako cha reli yenyewe (sehemu yake pana ya chini), kwa hiyo reli ya tatu ya kuzipitisha treni zote mbili njia moja haiingii hapo. Lazima ziwe nne. Wakati huohuo abiria wa TAZARA anaachwa makutano ya Nyerere na Mandela, akagombanie daladala ya Kariakoo.

Ramani nyingine ikija, ije na jedwali la dakika: wapi treni zinapishana, zinageuza kwa muda gani, na abiria wa TAZARA anafikaje mjini.