Fasihi ya Kiingereza sekondari: binti yangu kakatwa maksi kwa kosa la kusoma kitabu!

Wakuu, kwanza nikiri kabisa: na mimi nimo kwenye huu uozo. Nina stesheneri Mbagala, jirani na sekondari mbili, na zile pamfleti za uchambuzi zilizobanwa pini kwenye kona, nyingi nimezitoa kopi kwa mkono wangu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui ninachoongea.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Walipoanza The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka, nikamwuliza kitabu kiko wapi. Akanionyesha daftari. Shuleni vitabu vipo vinne, darasa lina watoto 80 na ushee, na hivyo vinne vimefungiwa kabatini kwa madam visije vikapotea. Nikashuka Posta kwa wauza vitabu vya mitumba, nikazunguka mpaka nikakipata, jalada nusu, ndani kimeandikwa jina la mwanafunzi wa mwaka 1994. Nikajiona baba wa maana.

Na kweli akakisoma. Akawa anacheka peke yake jikoni, mboga inaungua. Usiku mmoja akanifuata: "Baba, huyu Lakunle ananikera."

Kwa wasiokijua: Lakunle ni mwalimu wa shule kijijini Ilujinle. Anamtaka Sidi, lakini mahari hataki kutoa, eti ni ushenzi. Kwenye pamfleti zote nilizowahi kutoa kopi, Lakunle ni "usasa", chifu Baroka ni "mila", kwisha habari. Sasa binti akaniuliza: mbona huyu wa usasa anamwambia Sidi kwamba mwanamke ana ubongo mdogo kuliko mwanaume, na kwamba wanasayansi wamethibitisha? Usasa gani huo? Yeye akasema Lakunle ni bahili tu, kapata kisingizio kwenye vitabu. Tukabishana mpaka mama yake akatuzimia taa. Mimi nilikuwa namtetea Lakunle, maana mahari za siku hizi mnazijua wenyewe.

Mwezi uliopita wakapewa jaribio, swali ni mgongano wa mila na usasa. Akaandika hayohayo, na mahali yalipo ndani ya kitabu akataja. Kapata 5 kati ya 15. Kalamu nyekundu imepita juu ya ile aya ya ubongo, na pembeni kaandikiwa kwa Kiingereza kwamba hayo hayamo kwenye notisi.

Mwenzake wa dawati moja kapata 13. Nikaomba niione. Wakuu, ni ukurasa wa sita wa pamfleti ninayoitoa mimi, neno kwa neno, hadi lile kosa la chapa ambapo Lakunle kawa "Lakunie". Kosa lile nalifahamu kama kovu la goti langu. Mtoto kapewa 13 kwa kunakili kosa, na aliyemsahihisha hakulishtukia, kwa sababu na yeye anafundishia pamfleti hiyohiyo!

Nikaenda shule. Madam hana shida, mstaarabu tu, akanikalisha. "Mzazi, nakuelewa. Lakini msahihishaji wa Nekta anatafuta pointi. Akiandika ya kwake, nani atampa maksi?" Nikamwuliza kama yeye mwenyewe kakisoma chote. Akaangalia saa. Sikumsukuma zaidi, nilishaona rundo la madaftari mezani limemfika kidevuni, na ana mikondo mingine mitatu. Lakini jamani! Soyinka kapewa Nobel ya fasihi mwaka 1986, Mwafrika wa kwanza kuipata, na watoto wetu wanamsoma kupitia kurasa 24 za mtu aliyeogopa hata kuweka jina lake.

Kwenye uandishi ndiyo vichekesho kabisa. Insha ya likizo: nimefungua madaftari matano ya wateja wangu, wote wamepanda basi alfajiri kwenda Moshi kwa bibi, wote wamekaribishwa kwa maziwa fresh, wote bibi kawasimulia hadithi jioni. Binti yangu naye kaenda Moshi. Bibi yake anakaa Tandika! Bibi anauza chapati, ana ugomvi wa mwaka wa tatu na jirani kuhusu mfereji wa maji machafu, hapo kuna insha ya kurasa kumi. Nikamwuliza kwa nini hukuandika ya Tandika? Akanijibu Kiingereza cha mfereji hajafundishwa, cha Moshi anakijua kwa kichwa.

Hapo nilinyamaza. Maana miaka saba ya msingi anasoma kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, sasa asipokariri atafanyaje? Na msiniambie hawa watoto hawawezi kuchambua. Waacheni mbele ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili muone: nani mnafiki, nani anajifanya, nani atamgeuka nani wiki ijayo, na ushahidi wanakutolea. Wakirudi darasani wanaandika dhamira nne, kila moja mistari mitano.

Walimu mliomo humu: msahihishaji akikutana na hoja ambayo haiko kwenye mwongozo lakini iko kwenye kitabu, anafanyaje? Nijibuni kwa ukweli, siyo lugha ya semina. Moki ni mwezi ujao na binti kaniuliza aandike ipi, ya kwake au ya notisi. Nimemwambia aandike ya notisi. Hajaniongelesha tangu juzi.

Jana jioni wamekuja watatu wa darasa lake dukani wakitaka ileile ya Lakunie, kurasa 24, kila ukurasa shilingi 100. Nimewatolea.