Tupeane uzoefu: ganzi ya mkono inayotokea shingoni

Habari zenu wapendwa. Mimi ni msusi, niko Kigoma mjini. Mwaka jana mkono wa kulia ulianza kufa ganzi, kidole cha mwisho na cha pete. Nikiinua mikono kusuka, hata twende kilioni siimalizi, kitana kinadondoka. Nikaambiwa ni baridi yabisi. Nimemeza dawa za maumivu miezi minne.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Kiganja hakukigusa kwanza. Alinisimamisha mikono juu, viwiko vimekunjwa usawa wa mabega, nifumbe na kufumbua ngumi kwa dakika 3. Moja tu, mkono ukaanguka wenyewe. Akabonyeza juu kidogo ya mtulinga, ikanipiga kama shoti mpaka kidoleni. Kumbe mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni, ikapenya kati ya misuli ya shingo, ikapita juu ya ubavu wa kwanza na chini ya mtulinga. Yangu ilibanwa hapo. Ingebanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi ingekaa dole gumba, shahada na kidole cha kati.

Nimefanya mazoezi ya shingo na mabega miezi mitatu. Mteja sasa anakaa kigodani, mimi kwenye kiti kirefu. Nalala usiku kucha. Wenzangu, ninyi ilikuwaje?

*Mchangiaji, Urambo:*
Pole dada. Mimi ni mkulima wa tumbaku, msimu mzima mikono juu natundika majani banini, yaani kwenye banda la kuyakaushia. Eksirei ya shingo ilionyesha nina ubavu wa ziada kwenye pingili ya saba, wa kuzaliwa nao. Nilichelewa, nyama ya kiganja chini ya dole gumba ilishabonyea. Walinifanyia upasuaji wakautoa. Ganzi imeisha, ila jembe bado silishiki kama zamani.

*Mchangiaji, Kibirizi:*
Nabeba mizigo hapa mwaloni. Wangu ulivimba wote, ukawa rangi ya bluu. Daktari akasema kilichobanwa ni mshipa wa damu na damu imeganda, nikapewa rufaa siku ileile. Jamani, mkono ukivimba au ukawa wa baridi, msikae nyumbani mnachua.

*Msusi:*
Asante kaka. Wa Urambo, baada ya upasuaji ulikaa muda gani bila kubeba kitu? Dada yangu ameambiwa naye atolewe ubavu, na ana mtoto mgongoni.